Nilivyolifikisha Dishi Macaloe Usiku wa Matokeo

Walisema sitaweza. Mjomba wangu Asani alisema nitarudi kisiwani na kopo tupu. Jirani yake, Mzee Amade, akasema hata hilo kopo nitalisahau njiani. Nyie niliosoma nanyi Dar mmekuwa mkinipigia simu mmoja mmoja kuuliza ilikuwaje, na kila mara salio linakwisha kabla sijafika Palma. Nimeamua kuandika yote kwa mpigo mmoja, msome kwa zamu.

Kwanza mjue ubishi ulikuwa wa nini. Macaloe ni kisiwa kidogo cha wavuvi huku kaskazini mwa Msumbiji, umeme hakuna, na matokeo ya uchaguzi wa rais yalikuwa yakitufikia kwa njia moja tu: redio ya Mjomba Asani. Redio inasema Kireno. Mjomba alikipata Kireno ujanani, alipokuwa akifanya kazi kwenye ghala la pamba Mocímboa da Praia. Basi kila uchaguzi yeye huketi kitini barazani kwake, redio mapajani, sikio limelalia spika, kisiwa kizima kimemzunguka. Anasikiliza, ananyamaza, kisha anasema kwa Kiswahili: mkoa fulani, fulani kapata kadhaa. Na kila uchaguzi Mzee Amade husimama katikati ya watu na kusema, "Asani anatunga." Wapo wanaomwamini mjomba, wapo wanaomwamini Amade, na asubuhi yake wazee wawili hawa hawasalimiani. Safari moja hawakusalimiana mpaka Ramadhani ilipoingia.

Mimi nilirudi na diploma ya elektroniki. Ni ya kwanza kisiwani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu nimetafuta nyingine sikuiona. Mnajua wenyewe nilivyoisomea: mchana darasani, jioni natengeneza simu za watu pale Mbagala, hakuna baba wala serikali iliyonilipia. Niliporudi, gesi ilikuwa imegunduliwa baharini kwetu. Meli za utafiti zilikuwa zikiwaka taa nyuma ya kisiwa cha Vamizi kama mji uliootea majini, na pwani yote watu walikuwa wananunua simu, redio na mashine za boti bila kuwa na wa kuzitengeneza. Nikamwomba mjomba chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango unaotazama njia ya msikitini, nifungue karakana.

"Chumba hicho ni cha fundi," akasema. "Fundi sijamwona. Nimeona karatasi tu."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Diploma, na aliyelitaja alilitaja akitabasamu. Uchaguzi ulipokaribia, nikasema barazani mbele ya wote kwamba safari hii Macaloe haitasikia matokeo, itayaona. Itaziona tarakimu kwa macho yake, zikiingia mkoa kwa mkoa, usiku uleule zinapoonekana Maputo.

Mjomba hakucheka. "Ukituonyesha, chumba chako. Ukishindwa, unarudi Dar na karatasi yako, na habari ya ufundi hapa tusiisikie tena."

"Nimekubali, mjomba."

"Televisheni unayo?"

"Sina."

"Na dishi?"

"Sina."

Hapo shangazi zangu waliokuwa wakichambua dagaa ukutani wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mtwara hadi mtoni

Safari ya kwenda Mtwara nairuka, haikuwa na la maana. Dishi nilijua lilipo. Mnamkumbuka Kassimu, yule aliyekuwa akisinzia maabara na bado anafaulu. Ana duka lake Mtwara sasa, na nyuma ya duka lilikuwapo dishi kubwa la bati, la zamani, pamoja na king'amuzi chake.

"Chukua," akasema. "Lakini lirudi. Mke wangu huanikia mihogo humo."

Tukalifunga juu ya gari la mizigo linaloelekea mpakani. Upepo ukaliingia, gari likawa linavutwa upande, na dereva akasimama mara mbili kunishusha nilishike kwa mkono. Nilisafiri nusu ya njia nikiwa nimesimama nyuma kama mtu anayezuia paa lising'oke.

Ruvuma ilikuwa imekauka kama inavyokauka kila mwisho wa kiangazi, pantoni imelala mchangani, watu wanavuka kwa mtumbwi na kwa miguu. Mwenye mtumbwi alilizunguka dishi langu, akaligonga kwa kidole, akasema hapakii.

"Linang'aa mno," akasema. "Viboko hawapendi kitu kinachong'aa."

"Nani kakwambia?"

"Wao wenyewe."

Nikakipakia king'amuzi na begi mtumbwini, dishi nikajitwika kichwani, nikavuka nalo kwa miguu juu ya mafungu ya mchanga, maji magotini, mara nyingine kiunoni. Jua lilikuwa kali, na nawaambia kweli, sijawahi kupata kivuli kizuri kama kile. Ng'ambo, mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo akanipa kipande na pilipili bila kuuliza kitu, akaniambia tu kwamba kwa mbali alidhani uyoga unatembea.

Askari wa mpakani alilitazama dishi kwa muda.

"Linashika mpira?"

"Linashika."

"Basi pita."

Palma

Palma niliyoiacha nikiwa mdogo ilikuwa ya kulala mchana. Palma hii ilikuwa imejaa magari meupe, wageni wenye kofia ngumu na watu wa mbali waliokuja kusubiri kazi ya empresa, ndivyo wanavyoziita kampuni za gesi, zote kwa jina moja. Vyumba vya kulala hakuna. Mama ntilie niliyemwagiza shima na matapa, ule ugali wetu na kisamvu cha nazi, alilitupia jicho dishi langu akanitajia bei iliyonifanya nirudishe kijiko.

"Mama, mimi si wa empresa. Mimi mtu wa Macaloe."

"Watu wa Macaloe nawajua. Hawatembei na sinia kubwa hivyo."

Nikala nusu sahani, kwa bei ya empresa.

Mwenye nyumba ya wageni, Bwana Nassoro, hakuwa na chumba, ila aliniruhusu nilale stoo. Nilipowasha tochi humo nilidhani naota. Televisheni za chogo zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka darini. Wageni wa gesi walikuwa wanataka zile bapa za kutundika, kwa hiyo Bwana Nassoro alikuwa ameziondoa za zamani zote vyumbani. Mtu mwingine angelala. Mimi nilizijaribu moja moja, nikachagua yenye picha safi kuliko zote, na kulipokucha nikamkuta mwenyewe anapiga feni ya mapokezi kwa fimbo ili izunguke.

"Niachie hiyo, bwana," nikamwambia. Nikaifungua, nikaitia mafuta, nikabadili kapasita moja, ikazunguka. Alibaki ameinua fimbo.

"Wewe umesomea haya?"

Nikamwonyesha diploma. Ninatembea nayo, mnanijua.

"Televisheni chukua," akasema. "Uchaguzi ukiisha, irudi. Hizi bapa nikizichoka, nitaitaka."

Kutoka Palma ilikuwa kazi nyingine. Magari yote yalikuwa yamekodiwa, petroli yote imenunuliwa, na chapa za abiria, zile mnazoziita daladala, zimeegeshwa uwanjani, madereva wamelala ndani. Nilipoteza siku nzima nimekaa juu ya sanduku la televisheni kama kuku anayelalia. Mwisho likapita lori lililobeba magodoro ya kambi ya empresa. Televisheni ikasafiri katikati ya magodoro mawili mapya, kwa raha ambayo sijawahi kuipata mimi katika chombo chochote cha nchi kavu.

Olumbi

Olumbi, kijiji cha pwani tunachovukia bahari, nilimhitaji mtu mmoja: Mama Anjelina. Ni Mmakonde wa uwanda wa juu, mama mpana, mkristo, mwenye banda la kuonyeshea video na jenereta inayosikika kabla hujaona nyumba ya kwanza.

"Jenereta siwezi kuitoa," akasema. "Nitajuaje kama utarudi? Watu wa pwani mnapenda kuondoka."

"Nina diploma, mama."

"Nipe niione."

Nikampa. Aliisoma mbele na nyuma, akaikunja vizuri, akaitia kifuani.

"Jenereta ikirudi, karatasi inarudi."

Ndugu zangu, nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa shati. Lakini siku ya kupiga kura ilikuwa imekaribia, na jenereta nyingine haikuwapo. Nikakubali.

Kabla ya kuvuka bahari nilitaka kujaribu vyombo vyote pamoja. Nyuma ya banda palikuwa na uwazi kando ya mikorosho, nikaliweka dishi hapo. Kwetu huku, karibu na mstari wa ikweta, dishi halisimami kama mnavyoona kwenye picha za Ulaya. Linalala, linatazama juu, limeinama kidogo tu kuelekea kaskazini. Sijamaliza kukaza skrubu, akaja bibi mmoja na jembe begani, na nyuma yake watu wengine, wengine zaidi.

"Mwanangu, kitu chako hicho kiondoe."

"Shikamoo, bibi. Ni dishi la televisheni."

"Marahaba. Juzi walikuja wenzako wakaipiga rangi nyekundu mikorosho yangu. Nao walisema si kitu."

"Bibi, hili halipimi ardhi. Angalia, linatazama juu."

"Na ile meli yao inaelea juu," akasema, "lakini inatafuta kilicho chini."

Watu wakaitikia. Na ni kweli. Mama Anjelina akatoka bandani, akazungumza nao Kimakonde, kisha akaniambia nimtaje bibi yangu mzaa mama. Nikamtaja. Yule bibi akatua jembe chini, akasema alimjua, walikuwa wakinunua chumvi pamoja, lakini hata hivyo hakubali kitu kile kiangalie mikorosho yake. Akavua kapulana ya juu, ile mnayoiita kitenge, akalifunika dishi lote, akakaa pembeni kulilinda.

Mnajua nyie, na sasa Olumbi nzima inajua, kwamba kitambaa kikavu hakiyazuii mawimbi. Nikawasha jenereta. Televisheni ikaleta picha, dishi likiwa limefunikwa gubigubi, na mtangazaji wa Maputo akasoma habari mbele ya watu waliokuja kunifukuza. Bibi akanyanyua pindo la kapulana yake akachungulia chini, akalirudisha.

"Kumbe kinaona kikiwa kimefumba macho," akasema. "Basi nenda nalo hivyohivyo. Kapulana yangu utaniletea."

Baharini

Nahodha Sufo alikuwa anavuka kupeleka mboga kwenye hoteli ya Vamizi, kisha angenifikisha Macaloe. Tulitoka alfajiri ya siku yenyewe ya kupiga kura. Televisheni nilikuwa nimeifungia sandukuni pamoja na dira, bisibisi na nyaya. Dishi na kapulana yake limelala juu ya kabichi.

Hapo Vamizi tulichelewa. Aliyepokea mboga alihesabu nyanya moja moja, akazikataa zilizobonyea, Sufo akazitetea kama watoto wake. Tulipotoka, bahari ilikuwa imechafuka. Mawimbi yalikuwa yakiruka juu ya boti, na katikati ya njia mashine ikakohoa, ikazimika. Sufo akavuta kamba, akavuta tena, akaniangalia.

"Bwana Diploma, wewe si fundi?"

Jina lilikuwa limeshavuka bahari kabla yangu. Nikafungua plagi, ilikuwa nyeusi kama makaa, nikaisugua kwa msasa, nikaikausha kwa shati langu, nikairudisha. Boti ikanguruma kwa mvuto wa kwanza. Kuanzia hapo Sufo aliniita kwa jina langu, Momade. Kitu ambacho sikukiona, kwa kuwa nilikuwa nimeipa mgongo mizigo, ni kwamba wakati wote ule maji ya chumvi yalikuwa yakilipiga sanduku upande mmoja.

Tulifika Macaloe mchana. Nikaviacha vyombo ufukweni, shangazi zangu wakavikalia, nikakimbilia shuleni kupiga kura. Mstari ulikuwa bado mrefu. Mzee Amade alikuwa mbele yangu, akageuka akanitazama, nguo zimelowa, mikono mitupu.

"Na kopo liko wapi?"

Nikamwelekeza ufukweni kwa kidole changu, kabla hakijatiwa wino.

Usiku wenyewe

Taabu ya kwanza ilikuwa dira. Ilikuwa imesafiri ubavuni mwa spika ya televisheni, na sumaku ya spika ilikuwa imeiharibu akili. Kaskazini yake ilielekea Vamizi. Nikiigeuza, inaelekea jikoni kwa shangazi. Bila kaskazini ya kweli, dishi utalizungusha mpaka kuche usipate kitu. Jua lilikuwa limeshazama, mawingu yamefunga, watu wameanza kuja na mikeka.

Nikautazama msikiti. Kutoka pwani yetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na ukuta wa mbele wa msikiti wa Macaloe ulijengwa na watu waliokuwa na hofu ya kukosea. Nikachukua mshipi wa kuvulia, nikaupima kutoka ukuta ule hadi barazani kwa mjomba, nikaulaza mchangani, nikaligeuza dishi kuufuata.

"Anaiswalisha sahani," akasema Mzee Amade, na watu wakacheka. Wacheke. Nikasogeza kidogo kushoto kama hesabu inavyotaka, na picha ikaingia, safi, yenye rangi. Kicheko kikakatika kama uzi.

Kisha nikapandisha sauti. Sauti haikuwapo. Nikapandisha zaidi, nikagonga ubavu, nikafungua nyuma. Maji ya chumvi yalikuwa yameila spika.

"Bwana Diploma ametuletea watu wanaotafuna," akasema Mzee Amade, na cheko likarudi kwa nguvu kuliko la kwanza.

Wakati huo kura za kisiwa chetu zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa shuleni, editali, ile karatasi ya matokeo, imebandikwa mlangoni, watu wameisoma kwa tochi na kuja kusubiri ya nchi nzima. Dawa niliijua: spika nyingine. Na kisiwani spika ya maana ilikuwa moja.

"Mjomba, niazime redio. Niifungue kidogo tu, nichukue spika, nikimaliza nairudisha kama ilivyokuwa."

Mjomba Asani akaishika redio kwa mikono miwili. "Redio hii haijafunguliwa na mtu tangu nilipoinunua. Haitafunguliwa leo."

"Basi niazime bila kuifungua."

Alifikiri. Kisha akainua kiti chake, akakiweka kando ya televisheni, akaketi na redio mapajani kama kila uchaguzi. Tume ilikuwa inasoma matokeo ya awali, redio na televisheni ziko kwenye ukumbi uleule. Kwangu nikawa na picha, kwake kukawa na sauti, na Kiswahili kikawa chake vilevile.

Redio ikasema. Mjomba akatega sikio, akanyamaza, akazitaja tarakimu za mkoa wa kwanza. Kwenye kioo, yule msemaji alikuwa bado anakunywa maji. Akaweka bilauri, akafungua mdomo, na chini yake zikatokea tarakimu.

"Ndizo," akasema Shangazi Zaina. Shangazi hajui Kireno hata neno, lakini anauza samaki, na tarakimu hazimpiti.

Mkoa wa pili ukaja vilevile. Mjomba kwanza, kioo baadaye. Wa tatu pia. Mtu akauliza kwa nini yule bwana anasema kwanza ndipo anafungua mdomo. Mzee Amade alikuwa ameshasogea hadi pua yake inakaribia kugusa kioo. Akageuka kwangu, uso umekunjamana.

"Momade. Kitu chako hiki kinamsikiliza Asani?"

"Vipi, mzee?"

"Asani anatunga, chenyewe kinaandika. Mbona kinamfuata? Kama kingekuwa kinajua, kingetangulia."

Neno lile lilikuwa na uzito. Nikawaeleza: sauti ya redio inakuja moja kwa moja, lakini picha inapelekwa kwanza juu angani, kwenye setilaiti iliyo mbali mno, ndipo irushwe kwetu, na ndiyo maana inachelewa. Nilieleza vizuri, niliwahi kupata alama ya juu kwa swali hilohilo. Hakuna aliyeniamini. Nikaona kwa macho yangu chumba cha mbele kinaondoka. Na nikimwangalia mjomba, nikaona kwamba kwake kilichokuwa kinaondoka si chumba.

Mzee Amade akainua mkono. "Iko njia. Asani, mkoa unaofuata sema uongo. Tuone kama kitaandika uongo wako."

"Sijawahi kusema uongo kwenye kiti hiki," akasema mjomba.

"Basi leo sema, tukuamini ya siku nyingine."

Redio ikaanza. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. 

"Niassa," akasema. "Niassa nzima imempigia kura Amade. Hakuna aliyekataa."

Hakuna aliyecheka. Macho yote yalikuwa kiooni. Msemaji akageuza karatasi, akafungua mdomo, na majina ya wagombea yakajitokeza na tarakimu zao.

Shangazi Zaina akasoma kwa kidole, juu hadi chini. "Amade hayumo," akasema.

Hapo ndipo baraza lilipopasuka kwa vicheko na vifijo, watu wakapigana mabega, mtu akakanyaga mshipi wangu na sikujali. Mjomba akazitaja tarakimu za kweli za Niassa, na ndizo zilizokuwa pale. Mzee Amade alibaki amechuchumaa mbele ya kioo, rangi zinampita usoni.

"Kwa hiyo miaka yote ile," akasema.

"Miaka yote," akajibu mjomba, sauti ya chini.

Mzee Amade akainuka akaenda zake. Tulidhani ameenda kulala. Akarudi na mkeka wake na birika la kahawa, akautandika mkeka chini ya kiti cha mjomba, akamimina kikombe cha kwanza akampa yeye.

"Endelea, Asani. Mkoa gani sasa?"

Nani alikuwa anaongoza mnajua wenyewe, na kisiwani walikuwapo waliofurahi na waliokunja mikeka mapema. Jina la mkoa wetu, Cabo Delgado, lilipotokea, hata waliokunja walirudi wamesimama. Petroli ya jenereta ilikwisha kulipokaribia kupambazuka, betri za redio nazo zikafuata. Macaloe ilikuwa imekesha na nchi nzima, haikusubiri kuambiwa.

Kurudisha vya watu

Asubuhi nikamwambia mjomba, "Ufunguo."

"Upo," akasema. "Lakini karakana haifunguliwi na vitu vya watu vikiwa ndani. Rudisha kwanza kila cha mtu, kisha uje."

Nikairudia njia yote kinyumenyume. Olumbi nilimkuta yule bibi chini ya mikorosho yake yenye rangi, nikampa kapulana, imefuliwa na kupigwa pasi ya makaa.

"Na gesi mliipata?"

"Hatukutafuta gesi, bibi. Tulitafuta rais."

"Mkampata?"

"Tukampata."

"Haya. Mwambieni na habari ya mikorosho."

Diploma yangu niliikuta imetundikwa ukutani bandani kwa Mama Anjelina, ndani ya fremu, juu ya kioo cha video. Alikuwa akiwaambia watu kwamba banda lake sasa lina cheti. Nilipoitua jenereta alinirudishia kwa huzuni, fremu akabaki nayo. Palma, nilichukua spika kutoka kwenye televisheni mbovu stoo, nikaitia kwenye ile niliyoazima, Bwana Nassoro akaipokea ikiimba. Ruvuma nililivusha dishi kichwani tena, mwenye mtumbwi akanipungia mkono. Mtwara, mke wa Kassimu alikuwa ameshaimenya mihogo, anasubiri.

Alibaki mkopeshaji mmoja. Usiku ule redio ilikula betri za mjomba zote, kwa hiyo nilimnunulia mpya Mtwara, pakiti nzima. Nilipomkabidhi barazani, alizitia, akasikiliza, akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo bila hotuba. Siku hiyohiyo nilifagia chumba cha mbele, nikaweka meza, nikaibandika diploma ukutani, na nikaketi.

Alasiri, watu wakielekea msikitini, nikasikia hodi. Alikuwa Mjomba Asani, redio kwapani.

"Fundi," akasema, "hii inakoroma kidogo."

Nikaiwasha. Haikuwa inakoroma. Ilisema wazi kama siku zote.

"Lazima niifungue, mjomba."

"Si ndiyo maana nimeileta."

Nikachukua bisibisi. Ndani mlikuwa safi, mchanga kidogo tu pembeni; nikaupuliza. Nikamwambia aniachie mpaka kesho. Hakwenda msikitini mara moja. Alivuta kiti chake mlangoni kwangu, akaketi mikono mitupu mapajani, na kila aliyepita akimuuliza leo redio iko wapi, alimwonyesha ndani kwa kidole gumba.

"Iko kwa fundi," akawa anasema. "Iko kwa fundi."